Amina Iliyohesabiwa Ndiyo

Elida alikuwa anapachika zipu kwenye gauni la mwanakwaya mnene kuliko wote, na zipu imegoma kabisa, Shadia alipoingia na futi ya kupimia mkononi. Hakusalimia. Alienda moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma, akaanza kupima.

"Inua mguu kidogo, shoga."

"Unapima nini?"

"Rafu zangu. Vitenge vimejaa kule kwangu mpaka mteja akiingia mimi natoka." Shadia alinyoosha futi hadi kona. "Mwenye nyumba kaniambia mwisho wa mwezi hapa panakuwa wazi."

Elida alitoa mguu kwenye pedali. "Hapa wapi?"

"Hapa ulipokalia wewe. Kwani kuna kwingine?" Shadia aligeuka, akamwona uso, akaanza kuikunja futi polepole. "Hee. Ina maana hujui? Mchumba wako kaja juzi wewe umeenda kununua uzi. Kaongea na mzee pale barazani. Kasema ukishaolewa unahamia Mwandiga kwa mama yake, mambo ya fremu hii ya kushonea basi. Mimi nikajua mmepanga."

Elida aliirudia zipu, akaivuta bure.

"Hamjapanga," Shadia akasema.

"Atakuwa ameomba."

"Kamwomba nani?"

"Mungu. Akiomba akapata amani, jambo limekwisha."

Shadia alikaa kwenye benchi la wateja. Walikuwa majirani kwenye baraza hiyo ya Rusimbi kwa muda mrefu, mmoja akishona na mwingine akiuza vitenge. Shadia alikuwa mtoto wa Ujiji hasa, mwenye ulimi usio na komeo, ila akikuonea huruma sauti yake ilishuka yenyewe bila kuambiwa.

"Na wewe amani yako unaipata lini?" akauliza.

Elida alitazama kitambaa cha bluu kilichojaa kwenye mashine. Zilikuwa sare za kwaya, na kwaya ilikuwa inashonewa kwa ajili ya harusi yake mwenyewe. Ndoa ilikuwa imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili. Ilibaki moja, na ndiyo hiyo iliyokuwa inakuja.

Mambo yalianzia mlimani, upande wa Bangwe, mahali ambapo vijana wa kanisa lao la Katubuka huenda kufunga na kuomba siku za Jumamosi. Ukisimama pale unaliona ziwa lote chini yako, na siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo upande wa pili. Siku hiyo Nikodemu alisimama kutoa ushuhuda. Kila mtu alimjua Nikodemu: mpiga kinanda wa kanisa, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, kijana asiyejua pombe wala ugomvi. Akasema, huku sauti ikitetemeka, kwamba katika maombi ameonyeshwa mwanamke aliyevaa kitenge cha bluu, ameinama anashona kitu kilichochanika, na sauti ikamwambia, huyu ndiye msaidizi wako.

Mlima mzima ulikuwa na fundi cherehani mmoja tu, na siku hiyo alikuwa amevaa kitenge cha bluu.

Wasichana walipiga kelele za furaha. Kiongozi wa vijana akaweka mkono mmoja kichwani kwa Nikodemu na mwingine kichwani kwa Elida, akaomba kwa nguvu, akimsihi Bwana akikamilishe alichokianza. Sala ilipofika mwisho wote wakasema Amina. Elida naye akasema Amina. Angesema nini kingine? Tangu shule ya Jumapili alifundishwa kwamba sala ikiisha watu huitikia, kama vile mtu akishaingia ndani hurudishia mlango.

Kabla hawajamaliza kushuka mlima, Amina ile ilikuwa imegeuka kuwa ndiyo. Jioni ilikuta wanawake wakipiga vigelegele uani kwa mama yake. Barua ya posa ikaja, wazee wakakaa, kamati ikaundwa, na kundi la WhatsApp likafunguliwa lenye picha yake na ya Nikodemu zilizounganishwa kwa ua. Hakukuwa na siku hata moja, katika siku zote hizo, ambayo mtu alimgeukia Elida na kumwuliza.

Hakumchukia Nikodemu. Hilo ndilo lililomfanya ajione mkosefu. Wenzake walimwonea wivu, na yeye alijitahidi kushukuru. Lakini Nikodemu alikuwa na tabia moja. Elida akifungua mdomo kusema jambo, yeye hufumba macho. "Tuliombee," husema, na akiyafumbua macho jibu huwa limeshapatikana, na siku zote hufanana sana na lile alilolitaka tangu mwanzo. Tarehe ya harusi ilipatikana hivyo. Uamuzi kwamba bibi harusi aache kuongoza nyimbo ulipatikana hivyo. Na sasa fremu.

Tangu siku ile ya mlimani, Elida aliliogopa neno Amina. Mtu akimsalimu "Bwana asifiwe," aliitikia kwa kichwa na kutabasamu.

"Kwetu," Shadia alisema, akiokota vipande vya uzi sakafuni, "hata kama shehe ameshakaa na watu wamejaa, lazima waje wamuulize mwari: umeridhia? Akinyamaza wanasema aibu ya mwari, amekubali. Lakini nyinyi mmetupita. Kwenu hata mtu akisali amekubali!"

Elida alicheka bila kutaka. Kisha kicheko kikageuka, ikabidi ajifute uso kwa sare ya watu.

Alasiri ya siku hiyo walikuwa na mafundisho ya ndoa nyumbani kwa Mzee Telesphory, mzee wa kanisa aliyestaafu kazi ya reli. Yeye na mkewe, Mama Angela, ndio waliochaguliwa kuwa wasimamizi wao. Mama Angela alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya karanga, na kila aliyekaribia alipewa karanga zake amenye.

"Leo hatufungui kitabu," alisema. "Leo tusimuliane. Nikodemu baba, ulimwambiaje Elida?"

Nikodemu akakaa vizuri. "Mama, ilikuwa mlimani, nikiwa katika maombi..."

"Hiyo tumeisikia, mwanangu. Watoto wa hapa mtaani wanaiigiza. Mimi nauliza, wewe ulimwambiaje? Kwa mdomo wako."

Mzee Telesphory alikohoa. "Mama Angela."

"Niache niseme. Huyu bwana unayemwona alikuja kwetu na mgebuka kwenye gazeti. Akasimama mlangoni, jasho linamtoka, akamweka samaki chini, akakimbia."

"Sikukimbia. Nilitembea haraka."

"Alikimbia. Nikamwambia mama, huyu kaleta samaki, hajaleta neno. Wiki ya pili karudi, kasema. Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri mpaka masika yakaisha. Alikondaje! Watu wa reli wakadhani ana minyoo."

Nikodemu alicheka sana. Elida pia alicheka, lakini alijua swali linalofuata.

"Sasa wewe Elida, ulifikiri muda gani?"

"Yeye hakufikiri," Nikodemu akajibu kwa fahari. "Alisema Amina palepale."

Mama Angela aliacha kumenya. "Elida?"

"Nilisema Amina, mama," Elida akasema taratibu. "Ya sala."

"Sijauliza habari za sala."

Mzee Telesphory, ambaye maisha yake yote hakupenda kuona mtu akibanwa, akanyanyuka na kukung'uta maganda. "Basi, basi. Usimkabe mtoto wa watu. Nikodemu, tufungie kwa sala."

Nikodemu akaomba, sala nzuri, ndefu, akamtaja Elida mara nyingi kwa upole. Walipoitikia Amina, sauti zilikuwa tatu tu. Mama Angela alifumbua macho, akamtazama Elida, akarudia karanga zake.

Asubuhi yake Elida hakwenda Rusimbi. Alishuka Kibirizi, ambako mama yake alikuwa anaanika dagaa kwenye chanja. Margareta alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono ya haraka. Wazazi wake walivuka kutoka Kongo yeye akiwa mtoto, na ufukweni pale watu walimpenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile.

"Mama, sijui kama nataka kuolewa na Nikodemu."

Mikono ya Margareta iliendelea kutandaza dagaa. "Ana mwanamke?"

"Hana."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Basi nini?"

"Hajaniuliza, mama. Anaamua, halafu anasema Mungu amesema. Ameshaiachia fremu yangu."

Margareta akasimama wima, mkono kiunoni. "Elida. Baba yako alivuka kwenda Kalemie kutafuta injini, akapata mke. Alikuwa haombei hata chakula. Mimi nilimwomba Mungu jambo moja: mwanangu asiolewe na mtu asiyepiga magoti. Amekuletea anayepiga magoti. Unataka anayeruka?"

"Nataka anayeniuliza."

"Kuulizwa!" Mama yake alicheka, lakini macho hayakucheka. "Mimi niliulizwa. Baba yako aliniuliza vizuri kabisa, hapahapa ufukweni, kwa maneno matamu mpaka nikalia. Nimefaidi nini?"

Hakuna mtu anayeweza kubishana na mwanamke aliyeachwa, hasa akiwa ndiye aliyekulea.

"Na ulisema Amina mbele ya Mungu," Margareta akamalizia, sasa kwa sauti ya chini, karibu ya kusihi. "Ukimrudisha kijana huyu, mwanangu, mimi nitaingiaje kanisani?"

Nikodemu alikuwa mbele kidogo, karibu na boti zilizopandishwa mchangani, kichwa ndani ya injini. Alipomwona Elida uso wake ulifunguka kama dirisha.

"Bwana asifiwe, mchumba!"

"Habari za kazi. Ulienda kwa mwenye fremu."

"Ego," akaitikia kwa Kiha, kama alivyozoea akiwa na furaha. "Nilitaka nikupunguzie usumbufu. Mama anazeeka, michikichi inataka mtu, na kutoka Mwandiga kuja mjini kila siku ni kuchoka bure. Nimeliombea sana hilo, Elida. Nimepata amani."

"Mimi sijapata."

"Basi tuombe." Akajifuta mikono kwenye ovaroli, akanyoosha kiganja, akaanza kufumba macho.

"Nikodemu, ukifumba macho naondoka."

Akafungua jicho moja. Mvuvi aliyekuwa anashona wavu karibu nao alicheka kwa pua, kisha akajifanya anakohoa.

"Leo tuongee kwanza," Elida alisema. Maneno yalikuwa yameshapanga foleni mdomoni. "Mungu akitaka kusema na mimi anajua ninapokaa. Malaika alimwendea Mariamu mwenyewe, akasubiri jibu lake. Hakupitia kwa Yusufu."

"Unafanya dhihaka."

"Naogopa. Nikikukatalia wewe nimemkatalia Mungu. Nikibishana na wewe nimebishana na Mungu. Siku nikikwambia mboga imezidi chumvi, utakwenda mlimani? Nitakuwa nimeolewa na mume, Nikodemu, au na madhabahu?"

Uso wa Nikodemu ulijifunga. "Kwani hunipendi?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza, sikupewa nafasi."

"Ungesema siku ile!"

"Ningesema nini, na mkono wa mtu uko kichwani mwangu?"

Nikodemu aligeukia injini. Aligonga kitu kwa spana, kikagoma, akagonga tena kwa nguvu zaidi. "Jumapili ni tangazo la mwisho," akasema bila kugeuka. "Mama ameshaalika ukoo wote mpaka Kasulu. Usiniaibishe, Elida. Nakuomba."

Ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia akiomba kitu kwake, na si kwa Mungu. Na alichokiomba ni kwamba anyamaze.

Jumamosi alimaliza sare zote. Zilikuwa kazi za watu, na kazi ya mtu hairudishwi nusu. Alipokuwa anapiga pasi ya mwisho alijaribu kuomba, maneno yakamtoka mafupi kuliko alivyozoea: Bwana, kama ni wewe, sema na mimi pia; kama si wewe, nipe miguu ya kusimama. Hakusikia sauti. Alisikia mashine ya kusaga ya jirani, na Shadia akigombana na mteja juu ya kitenge kilichochuja.

Jumapili kanisa lilijaa. Kwaya ilikuwa imependeza kwa bluu, na zipu ya yule mnene wao ilikuwa imefunga vizuri. Baada ya sadaka, Mchungaji Anatoli akapanda mimbarani na karatasi, na Nikodemu akawa anapiga kinanda polepole kama ilivyo desturi wakati wa matangazo. Margareta alikuwa amekaa mstari wa pili, amevaa vitenge vipya.

"Ninatangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho," Mchungaji alisoma, akataja majina yao na majina ya wazazi wao. "Yeyote anayejua sababu ya kuizuia ndoa hii na aseme."

Sehemu hii watu hawaisikilizi. Ndipo akina mama hutafuta pipi za kuwapa watoto. Mchungaji alikuwa ameshaanza kuikunja karatasi.

"Mimi, Mchungaji."

Watu waligeuka. Walipoona ni nani, kicheko kikapita kanisani. Hata Mchungaji alitabasamu. "Dada Elida, wewe si ndiye bibi harusi?"

"Ndiyo maana, Mchungaji." Alishika benchi la mbele yake. "Ndugu Nikodemu hana dhambi ninayoijua. Na mimi sina mtu mwingine. Ila sijaulizwa. Mlimani niliitikia sala, sikuitikia ndoa. Nilipaswa kusema mapema, niliogopa. Lakini siku ya harusi utaniuliza kama nimekubali kwa hiari yangu, na nisingependa kumdanganya Mungu ndani ya nyumba yake."

Hakuna aliyecheka tena. Kinanda kilikuwa bado kinalia, noti moja tu, kwa sababu kidole cha Nikodemu kilikuwa kimegandia pale kilipokuwa.

"Shetani ashindwe!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Nyamaza wewe, mtoto anaongea," Mama Angela akamjibu, naye hakupunguza sauti.

Mchungaji Anatoli alivua miwani. Alionekana mzee ghafla. "Ndugu Nikodemu," alisema, "wewe ulimwuliza dada huyu?"

Kila mtu alijua Nikodemu angeweza kusema nini. Angesema alionyeshwa, na nusu ya kanisa ingesimama naye. Elida alimwona akifungua mdomo, akiufunga. Kidole kikaondoka kwenye kinanda.

"Hapana," Nikodemu akasema. "Sikumwuliza."

"Basi tangazo hili nalirudisha mfukoni," Mchungaji akasema. "Na sisi wazee tuna la kujibu, maana hata sisi hatukuuliza."

Margareta alisimama, akajifunika kitenge kichwani, akatoka nje kabla ya baraka.

Wale wanaofikiri kwamba ukweli ukisemwa basi moyo hutulia, hawajakaa Katubuka juma lililofuata. Kundi la harusi lilianza kukatika: huyu ametoka, yule ametoka, mpaka likabaki na Elida na mpiga picha. Wanakwaya wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao vya magauni mengine kabla havijashonwa. Kisimani alisikia mtu akisema, "Ndiye huyo aliyemkataa Mungu hadharani." Ukoo wa Nikodemu ulituma ujumbe mchungu. Na nyumbani mama yake hakumsemesha. Alisema na sufuria. "Leo kuna ugali," aliiambia sufuria. "Anayetaka kula atakula."

Elida mwenyewe hakuwa na uhakika. Alifikiri juu ya lile "hapana" la Nikodemu mbele ya watu wote, jinsi lilivyomgharimu. Pengine mtu anayeweza kusema vile ndiye mume mwema, naye amemtupa. Pengine mama alikuwa sahihi, kwamba kuulizwa si kinga ya lolote. Aliomba, na majibu hayakuja kwa sauti wala kwa ndoto. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo hakuwa nalo kabla: alipoomba, hakuwa tena anamwogopa yule anayemwomba.

Juma hilo lilikuwa linaisha Shadia alipogonga ukuta kutoka upande wake. "Shoga! Una mgeni. Na leo macho yake yako wazi."

Nikodemu alikuwa amesimama chini ya baraza, na shati la kanisani, ingawa ilikuwa siku ya kazi. Hakuingia. "Naweza?" akauliza, akionyesha benchi. Elida akaitikia kwa kichwa kumkaribisha, na yeye akakaa, akiwa ameshika magoti yake kama mgonjwa anayesubiri daktari.

"Nimetoka kwa mwenye nyumba," alisema. "Nimemwambia nilisema lisilo langu. Fremu ni yako."

"Asante."

"Kuna jingine." Aliinama. "Nilikuona kabla sijaonyeshwa. Mwaka mzima. Mazoezi ya kwaya mwenzako akichanika, unatoa sindano kwenye kola unamshona hapohapo, uzi mdomoni. Nilikuwa nakosea noti. Nikaogopa kukuambia, maana mtu unaweza kumkataa, Mungu huwezi. Nikapanda mlimani nimwombe Mungu anisemee kwako. Nilichokiona, Elida, sijui tena kama alinionyesha, au niliona tu kile nilichokuwa nakitazama siku zote. Na hilo linanitisha kuliko aibu ya kanisani."

Upande wa pili wa ukuta, mkasi wa Shadia uliacha kukata.

"Sikuja na samaki," Nikodemu akaendelea, na tabasamu dogo likampita. "Nimekuja kuuliza. Elida, unataka kuolewa na mimi?"

Lilikuwa swali fupi kuliko alivyokuwa amelifikiria siku zote hizo. Alilisikia likishuka ndani yake, likitafuta mahali, na alishangaa kwamba kabla hajajibu chochote, tayari alikuwa amesimama vizuri zaidi.

"Hapana," alisema. Aliona neno lilivyomfikia. "Si sasa. Na sijui kama itakuja kuwa ndiyo. Sikukatai kwa hasira. Sikujui tu, Nikodemu. Nayajua maombi yako, wewe sikujui."

Mikono ya Nikodemu ilinyanyuka kidogo kutoka magotini, kwa mazoea, na kope zake zikashuka. Elida akangoja. Kisha macho yale yakafunguka tena, yamejaa maji, yakamtazama. Mikono ikarudi magotini.

"Nimesikia," akasema. Kisha akaongeza, "Inauma."

"Najua."

"Naweza kuja tena? Si kuuliza. Kukaa tu, tuzungumze."

"Aje na hela ya kitenge!" Shadia akapaza sauti kupitia ukuta. "Benchi la hapa si la bure!"

Wakacheka wote wawili, na ndipo Elida akagundua kwamba hawakuwahi kucheka pamoja bila mtu mwingine kuwapangia. "Njoo," akamwambia. "Nikiwa na kazi nyingi nitakuambia urudi siku nyingine."

"Uniambie," Nikodemu akasema, na akaondoka kwa miguu, kichwa kimeinama, akiukwepa mtaro kama mtu anayejifunza njia.

Jioni Elida alimkuta mama yake ameshatenga ugali na dagaa. Wakakaa. Margareta akainamisha kichwa kuombea chakula, kama alivyofanya kila siku tangu aachwe, kwa sauti iliyozoea kubeba vitu vizito peke yake.

"Bwana, asante kwa chakula hiki. Wabariki waliovua. Na huyu mtoto wangu mkaidi..." Elida alisikia pumzi yake ikipanda na kushuka. "Huyu mtoto wangu mkaidi, umtunze. Mimi sijamwelewa bado. Wewe mwelewe."

Elida hakuharakisha. Alilipima lile neno mdomoni, akalitazama kila upande, kama mtu anavyokagua mshono kabla ya kukata uzi. Hakukuwa na mkono wa mtu kichwani mwake.

"Amina," akasema.

Margareta akamtazama, tena kwa muda mrefu. Kisha akamsogezea bakuli.

"Kula," akasema, na safari hii hakuwa anaiambia sufuria.